Upande wa Pasi

Mimi ndiye ninayeshona sare za shule za watoto wadogo hapa mtaani, karibu zote, kwa hiyo ujinga wa kila shule ninaujua kwa sentimita. Kuna shule inayowavika tai watoto ambao bado wanafutwa makamasi. Kuna nyingine inataka koti lenye nembo ya mwenge, na anayebeba mwenge huo kifuani hajui kuvua soksi zake mwenyewe. Mimi nashona tu. Ninapopima nguo, mdomo wangu umejaa pini na siwezi kusema neno, ndiyo maana wateja wananiona mpole.

Mdogo wangu anauza bima. Ni mtu wa kukuuliza hali, na kabla hujajibu ameshakueleza yake. Mkewe, wifi yangu, anauza dawa kwenye duka la dawa, nyuma ya kioo, na hata nyumbani anakusikiliza kama mtu anayesubiri umwonyeshe cheti cha daktari. Wawili hao walijaliwa mtoto mmoja, msichana, naye akajaliwa kusoma kabla hajatimiza miaka minne. Tangu siku hiyo hakukukalika.

Kusoma alijifunzia kwangu. Wazazi wake waliniachia tangu asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa walidhani fundi cherehani hana kazi, ana cherehani tu. Meza yangu ya kukatia ni ndefu kama kitanda. Upande wangu kuna mkasi, sindano na pasi ya moto, kwa hiyo sheria ilikuwa moja: "Kaa huko huko, huku kuna pasi." Akakaa huko, kwenye kiti cha wateja, amewekewa mito miwili, ananitazama. Mimi hukata vielelezo vya nguo kwenye magazeti ya zamani, na mgongo ukichoka husoma vichwa vya habari kwa sauti, nikigusa kila neno kwa ncha ya chaki. Nilimsomea pia daftari la vipimo: bega, kifua, kiuno. Neno la kwanza alilolisoma bila kusaidiwa lilikuwa "makalio", na alilisoma mbele ya mwenye nayo.

Mimi nilimwita Kifungo, kwa udogo wake. Alikuwa na adabu ambayo sijui aliitoa wapi, maana kwao haipo. Akija na kitabu chake, alikilaza mezani kikinitazama mimi, kama anayemkaribisha mgeni sahani, ndipo aanze kusoma. Nilimsifu kwa wateja. Nilijisifu na mimi pia, tena sana.

Baba yake alipojua, alimpa jina la Profesa. Vitabu vya picha vikaondolewa nyumbani, kwa sababu picha ni za watoto. Mtoto bado anakojoa kitandani, lakini picha ni za watoto. Kisha akaanza kumrekodi. Anakaa mbele yake na simu, Kifungo anashika kitabu kimelala mapajani, anasoma, na kwenye video maandishi unayaona vizuri kabisa kiasi kwamba unaweza kusoma naye. Zile video zilitumwa kwa ndugu, kwa wateja wa bima, kwa bosi, mpaka kwa fundi bomba aliyekuja mara moja tu kuziba mfereji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wangu hakungoja kusifiwa.

Kitu kimoja tu kilimsumbua baba. Wakiwa njiani alimwambia, "Profesa, soma bango lile," mtoto analitazama bango, kisha anatazama viatu vyake. Baba alisema amechoka. Mimi nilisema moyoni kwamba mtoto ana heshima zake na hafanyi maonyesho barabarani.

Ikafika siku ya kutafuta shule. Walikuja dukani kwangu Jumamosi wakiwa na orodha, kwa kuwa wakuu wa shule zote mimi nawafahamu, angalau viuno vyao.

"Dada, huyu hawezi kuchanganywa na watoto wa kawaida," mdogo wangu alisema.

"Watoto wa kawaida wana nini, upele?"

"Atachoshwa. Wenzake wako kwenye a, e, i, o, u, yeye ameshamaliza gazeti."

"Gazeti amemaliza, lakini juzi alijifungia chooni kwangu akalia nusu saa, hajui kufungua komeo."

"Wifi, hatuzungumzii komeo," wifi yangu alisema.

Tukaenda wote wanne. Shule ya kwanza ilikuwa na vinyago vya mbao na mkuu anayenong'ona. Alinong'ona kwamba wao hawamfundishi mtoto chochote mpaka miaka saba, kwa sababu mtoto ni mbegu. Mdogo wangu akauliza kama mbegu haiwezi kuharakishwa. Mkuu akanong'ona kwamba mbegu haiharakishwi. Mama huyo nimemshonea magauni manne, na kila gauni alinigombeza kwa sauti iliyosikika mpaka kituoni.

Ya pili haikuwa na uwanja, kwa kuwa mchezo unapoteza muda. Watoto wa miaka mitatu walikaa kwa mistari, mikono mezani. Mmoja alikuwa amejikojolea, lakini alikaa wima na mkono ameunyoosha juu, anangoja ruhusa. "Unaona nidhamu?" mdogo wangu alininong'oneza. Wifi alifunika pua na leso.

Basi ikabaki ile ya tai. Ilikuwa na nafasi moja tu, na nafasi hiyo mdogo wangu aliitaka kuliko alivyowahi kumtaka mkewe. Wiki nzima alimfundisha mtoto kusema "ninapenda changamoto". Kifungo aliniuliza changamoto inafananaje, nikamwambia inafanana na baba yako.

Mkuu wa shule ile wote tunamwita Madam. Ofisi yake ilikuwa na baridi kama bucha. Mimi na wifi tulikaa kwenye kochi la pembeni, mdogo wangu akasimama kama wakili, Kifungo akapandishwa kwenye kiti mbele ya meza kubwa. Kabla mtoto hajaamkia, baba alikuwa ameshatoa simu kuonyesha video.

"Tutamsikia mwenyewe," Madam alisema, akampa kitabu.

Kifungo alikishika, akakigeuza mikononi, akakilaza mezani, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Akafungua wa pili, akasoma. Madam, aliyekuwa ng'ambo ya meza, alifuata maneno kwa macho akitabasamu. Mdogo wangu alitutazama kochini kama vile yeye ndiye aliyesoma. Kisha Madam akainuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya mtoto. Tabasamu likaisha.

"Kitabu hakishikwi hivyo, mtoto. Umekishika kichwa chini miguu juu." Akakigeuza. "Haya, soma."

Kifungo akautazama ukurasa. Akanyoosha mkono akigeuze tena, Madam akaubana ukurasa kwa kiganja chenye pete.

"Soma."

Mtoto akageuka akanitazama mimi. Hakumtazama baba wala mama, alinitazama mimi. Nami nilikuwa nimekunja mikono, nina shughuli kubwa ya kuwadharau watu wazima wote waliokuwa mle ndani, na sikuwa na nafasi ya kufikiri.

"Hawa tunawapata kila mwaka," Madam alisema akirudi kwenye kiti chake. "Mzazi anamkaririsha, mtoto anaimba. Hajui hata kitabu kinashikwaje."

"Lakini kitabu hicho hajawahi kukiona," mdogo wangu alisema.

"Kinauzwa kila duka, baba."

Nilingoja mdogo wangu ajibu. Mtu anayeweza kumwuzia kipofu bima ya miwani akanywea, akatia simu mfukoni. Ndani ya gari alimwambia mtoto, "Umeniaibisha," na wifi akamwambia yeye anyamaze. Hakuna aliyemwambia mtoto kitu kingine. Na mimi, niseme ukweli, niliingiwa na shaka. Nilianza kujiuliza kama kweli anasoma au nimekuwa nikimsifu kasuku.

Asubuhi yake nilitandaza gazeti. Kifungo alikaa kwenye mito yake akachezea vifungo.

"Hapa pameandikwa nini?" nikamwuliza.

"Sijui. Mimi sijui kusoma, nakariri tu."

Alisema hivyo siku ya pili, na ya tatu, na ya tisa. Neno kukariri alikuwa amelichukua kwa Madam, akalivaa. Mtoto aliyekuwa hapitwi na karatasi ya kufungia vitumbua vya watu sasa alikuwa anageuza uso akiona maandishi. Mimi nilikasirika na ulimwengu mzima. Usiku nalala, lakini mchana kazi haiendi, nikaunga mkono wa kushoto kwenye bega la kulia mara mbili.

Siku ya kumi nilikuwa na mzigo wa kupeleka. Nyuma ya karakana ya seremala kuna chekechea ambayo hata mimi nilikuwa naionea aibu kuitaja kati ya wateja wangu. Haina tai, haina nembo. Mwalimu wake anavaa malapa hata kukiwa na wageni, ana kikohozi kisichopona kwa sababu ya vumbi la mbao, na alichoagiza kwangu ni aproni ishirini zenye mifuko mikubwa ajabu. Nilimwuliza mifuko hiyo ya nini, akasema watoto huokota vitu. Nilicheka njia nzima. Kwenye orodha ya mdogo wangu shule hiyo haikuwepo, wala sikumkumbusha.

Nilimkuta mwalimu amekaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yamefika kifuani, anaandika kwenye daftari lake. Mimi nikawa nahesabu aproni. Kifungo akasimama ng'ambo ya kimeza, kidevu juu ya ubao wake, anatazama kalamu inavyokwenda.

"Ana mafua," Kifungo akasema taratibu, kama anayejisemea. "Asicheze maji."

Mwalimu akasimamisha kalamu. Akaandika mstari mwingine, polepole. Kifungo akaufuata kwa macho mpaka mwisho, kisha akainama akatazama miguu yake. Kiatu cha kulia kilikuwa kushoto, na cha kushoto kulia. Akakaa chini akaanza kuvibadilisha.

Niliinama nikasoma. Pale daftarini paliandikwa: Huyu mgeni wetu amegeuza viatu.

"Nani alikufundisha kusoma?" mwalimu akamwuliza.

"Shangazi. Lakini sijui."

"Shangazi akisoma anakaa wapi?"

"Upande wa pasi."

"Na wewe?"

"Huku," akasema, akionyesha pale alipo.

Mwalimu akaligeuza daftari likamwelekea mtoto, akagusa neno. Kifungo akakaza macho, midomo ikacheza, hakikutoka kitu. Akaligeuza tena, mtoto akalisoma neno lile mara moja. Mwalimu akakohoa, akanitazama.

"Mama fundi, huyu anasoma. Anasoma vile ulivyomfundisha. Kila herufi aliiona kutoka ng'ambo, basi kwake herufi zinakaa kichwa chini."

Mtu akikuvua nguo barabarani angalau unajua ufunike wapi. Nilikumbuka kitabu kilicholazwa mezani kikinitazama, ile niliyoiita adabu. Nilikumbuka video, baba upande wa pili wa simu, maandishi yanasomeka vizuri kabisa kwa mwenye simu. Nilikumbuka mabango ya barabarani, ambayo hakuna njia ya kuyazunguka.

"Itarekebishika?"

"Mwezi, miezi miwili. Ataanza kama mtoto mwingine yeyote, atachukia kidogo. Ila mtu akae upande wake." Akachukua aproni moja akaigeuza. "Na hii mfuko umeushona ndani nje."

Jioni niliwaita wazazi dukani nikawaeleza. Nilidhani mdogo wangu ataona haya. Macho yalimwaka.

"Kichwa chini? Gazeti zima?" Akatoka nje na simu. Kupitia dirishani nilimsikia akimwambia Madam kwamba ile siyo kasoro, ni kipaji cha pekee, watoto wangapi ameona wenye kipaji hicho. Alirudi amepanuka. Madam amekubali. Nafasi bado ipo, na siku ya wazazi Profesa atapanda jukwaani asome kitabu kilichogeuzwa, mbele ya watu wote.

"Na mtamrekebisha lini?" nikamwuliza.

"Arekebishwe baada ya jukwaa. Haraka ya nini?"

Kesho yake, alasiri, akaleta kitambaa cha sare na tai ndogo iliyokunjwa ndani ya karatasi laini, na simu mkononi. Wifi alikuja nyuma yake moja kwa moja kutoka kazini, na koti lake jeupe. Kifungo alikuwa kwenye mito yake.

"Dada, pima. Profesa wangu, msomee baba kidogo, shika kile kitabu kama unavyoshikaga."

Kifungo akaweka mikono chini ya mapaja. "Nikisoma hivyo yule mama ananibana."

"Hatakubana. Sasa anapenda hivyo hivyo."

Mtoto akafikiri. "Na akiacha kupenda?"

Mdogo wangu akanigeukia nimsaidie. Mimi nilikuwa na maneno tayari, makali, ya kumtosha yeye na ukoo wake, ingawa ukoo ni wangu pia. Nilianza: tangu lini mtu akamtembeza mwanawe kama kinyago, mtu gani asiyejua kwamba mwanawe ameshika kitabu kichwa chini mwaka mzima, mtu gani.

"Wifi," wifi yangu akanikatiza. Hakupandisha sauti. "Wewe umekaa naye mwaka mzima. Hukuwahi kukaa upande wake hata siku moja?"

"Huku kuna pasi."

"Pasi huzimwa."

Nyani haoni kundule, na mimi nililiona langu siku ile, dukani kwangu, mchana kweupe, nikionyeshwa na mwanamke niliyekuwa nikimdharau kwa miaka sita.

Naye hakukaa kufurahia. Alimgeukia mumewe. "Na wewe ulikuwa nyuma ya simu. Na mimi nilikuwa nyuma ya kioo, nikirudi nyumbani namsikia anasoma na mimi nimelala kochini. Wote tulikuwa ng'ambo." Akaisukuma ile tai pembeni. "Jumatatu ataanza kwa yule mwenye malapa."

"Nyuma ya karakana?" mdogo wangu akasema. "Watu watasemaje?"

"Watu gani? Fundi bomba?"

Mdogo wangu akatazama simu yake, akakosa wa kumpigia. Aliondoka na kitambaa chake. Tai akaisahau, nami nimeifanya kifungio cha mfuko wa makapi ya vitambaa, ndiyo kazi pekee ya maana niliyowahi kuona tai ndogo ikifanya.

Walipoondoka nilichomoa waya wa pasi ukutani. Nikasogeza mkasi na sindano mpaka mwisho wa meza, nikavuta kigoda karibu na changu.

"Kifungo, njoo huku."

Hakutikisika. "Huko kuna pasi."

"Nimeizima. Njoo uguse waya."

Alishuka kwenye mito, akazunguka meza yote, akagusa waya, akaangalia tundu la ukutani kuhakikisha. Ndipo akapanda kigodani. Nikatandaza gazeti mbele yetu, likatutazama sote wawili. Kifungo akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza ya kichwa cha habari na kuanza kusukuma, silabi moja, akapumzika, silabi nyingine, akarudi nyuma. Neno ambalo mwezi uliopita angelimaliza kabla sijashusha mkasi lilimtoa jasho. Niliinama kumsaidia, kichwa changu juu ya kichwa chake, mdomo wazi tayari kulitaja.

"Shangazi, sogea," akasema. "Unaniziba mwanga."

Nikasogea.